Vidole Viwili vya Nafasi

Wanangu mafundi, mmenitaka niandike namna ya kuongoza chama. Nimekubali kwa sababu moja tu: macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, lakini mstari wa daftari bado nauona. Nimeshona Malindi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na nimekuwa mwenyekiti wa chama cha mafundi cherehani wa pwani yetu hii, kutoka Junju hadi Magarini, kwa miaka mingi kuliko nilivyotaka. Msitarajie hotuba. Hotuba nimezisikia za kutosha, na nyingi nilizitoa mwenyewe.

Tuanze na mkutano, maana chama ni mkutano. Usiuweke Ijumaa, usiuweke siku ya soko, usiuweke Idi au Krismasi ikikaribia, wala shule zikikaribia kufunguliwa na kila mzazi anadai sare. Mkiziondoa siku hizo mtabakiwa na siku chache sana kwa mwaka, na hizo zinatosha. Usiuweke pia dukani kwa mwanachama, kwa sababu mwenye duka atajiona mwenyeji na atajibu maswali yote, hata yale yasiyomhusu. Tafuteni darasa la shule, mkae kwenye madawati ya watoto. Mtu mzima aliyekaa kwenye dawati la darasa la pili hawezi kujivuna sana.

Kisha mpe kila mtu vifungo ashone. Hili nililigundua kwa bahati, siku tuliyokuwa na mashati ya kwaya ya kumaliza na mkutano wa kufanya. Fundi mwenye sindano mkononi hamnyooshei mwenzake kidole. Atagombana, lakini kwa sauti ya chini, na akikasirika sana atauma uzi. Tangu siku hiyo sikufungua mkutano bila kopo la vifungo, isipokuwa mara mbili, nazo mtazisikia.

Uenyekiti wenyewe nilichaguliwa nikiwa sipo. Nilitoka kwenda kununua mahamri ya wajumbe, niliporudi na mfuko nikakuta wanapiga makofi. Nikadhani ni kwa ajili ya mahamri.

Lakini najua mnachotaka kusikia. Mmesikia habari za magauni ya Marekani nusu nusu, kila mtu na nusu yake, na Fundi Bakari wa Takaungu ana nusu anayoipenda zaidi. Basi sikieni kwa aliyekosa.

Ufundi nilijifunza Takaungu, kwa Mzee Aboud, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, asiyesifu kazi ya mtu. Ukishona vizuri alinyamaza, na sisi tulikuwa tukiusubiri ukimya huo siku nzima. Siku zile mwanamke hakupimwa na fundi mwanamume. Alileta gauni lake la zamani, ama alipimwa na mke wa fundi nyuma ya pazia, vipimo vikatangazwa kwa sauti: kifua hiki, kiuno hiki. Sasa mke wa Mzee Aboud alikuwa na huruma. Akimpima shoga yake alitaja kiuno cha mwaka juzi. Kwa hiyo mzee alitufundisha kwamba ukishapitisha chaki, uweke vidole viwili nje ya mstari, na hapo ndipo ukate.

"Kidole kimoja cha makosa ya futi," alisema, "na kimoja cha pilau."

Sisi wote wa pwani tuliopitia mkono wake, au mkono wa wanafunzi wake, tunaongeza vidole viwili. Hatuamui, mkono huenda wenyewe. Nguo iliyozidi hupunguzwa, iliyopungua haina dawa. Isitoshe kuna sitara ndani yake. Mwanamke wa Malindi akivaa gauni linalombana, watu wanauliza kwanza jina la fundi.

Jambo la pili mlijue, kwa sababu siku hizi mnatumiana picha kwa simu na hamlijui. Ile karatasi ya kaki tunayoilaza juu ya kitambaa na kuizungushia chaki, zamani fundi hakuitoa. Ukimwomba, atakukatia nakala yake akupe, ile aliyoipokea abaki nayo. Haikuwa choyo. Karatasi ikishatoka hairudi, au inarudi imefungiwa viazi.

Yawekeni mambo hayo mawili pamoja, mtajua kilichotupata.

Bi Linda alikuwa mama wa Kimarekani, umri wangu au kunipita kidogo. Alikuja Malindi kupumzika, zipu ya suruali yake ikamharibikia, akaletwa dukani kwangu. Zipu ilichukua dakika kumi. Yeye alikaa hadi alasiri. Kumbe kwao New York aliongoza kwa miaka mingi chama cha watu wa biashara ya mavazi, wabunifu, wenye viwanda na wauza vitambaa, wote chini ya paa moja na hakuna anayempenda mwenzake. Kiingereza changu ni cha kuwashonea watalii, lakini tulielewana, maana shida zilikuwa zilezile. Aliniuliza wanachama wangu hufika mkutanoni saa ngapi. Nikamwambia ukitangaza saa tatu, jiandae kwa saa nne. Akasema wa kwao hufika kwa wakati, ila kila mmoja huja na wakili wake. Nikaona bora wangu.

Aliyapenda magauni yetu ya leso. Aliagiza mia mbili, ya kupeleka kwa rafiki zake wenye maduka madogo. Nilimshonea moja la mfano, akalivaa, akazunguka mbele ya kioo mara tatu, akalifungasha mwenyewe. Kisha akasimama kwenye meza yangu, akachukua karatasi ya kaki, akakata vipande vyote kwa mkono wake. Mkono mzuri kweli, haukutetereka hata kwenye kwapa. Akanikabidhi na kuniambia neno moja kabla ya kuondoka.

"Fundi Salimu, usiongeze, usipunguze."

Nikamhakikishia. Na nilikuwa mkweli, nilikuwa nimekusudia hivyo.

Ilikuwa kazi ya kwanza ya chama kizima. Kabla ya hapo tulikuwa chama cha kuzikana na kulalamikia bei ya uzi. Nikagawa kazi sehemu tano: mjini Malindi, Takaungu, Junju, Mambrui na Magarini. Magarini walikuwa wapya, akina mama sita na cherehani tatu, wakiongozwa na Kadzo. Kadzo alijifunza chuo cha ufundi, si kwa fundi, na hilo peke yake lilitosha wazee wamwangalie kwa upande. Tena ni wa bara, kama tunavyosema sisi wa mjini tukiwataja watu wanaoishi mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu. Alikuwa ameshona sare za shule maisha yake yote. Alipopata kazi hii alikuja dukani kwangu na kuku wa shukrani, nikamwambia kuku wa nini, nikamchukua.

Ile karatasi ya Bi Linda niliifungia kabatini, isije ikachanika. Nilijiona mwangalifu sana. Nikakata nakala mbili, moja ya sisi wa mjini na moja ya Takaungu. Bakari akapokea yake, akaitumia, akakata nakala ya kwenda Junju. Junju wakaitumia waliyopewa, wakakata nyingine, nayo ikaenda Mambrui na mtu aliyekuwa na harusi huko. Mambrui nao wakakata ya Magarini. Kila mmoja alibaki na aliyoipokea, kama desturi. Na kila mmoja alipokuwa akikata nakala ya mwenzake, mkono wake ulifanya ulichofundishwa.

Siku moja Kadzo alinipigia simu. Nilikuwa na wateja wawili mbele yangu na pini mdomoni.

"Shikamoo Fundi. Hili gauni ni la mtu wa namna gani? Naliona kubwa mno."

Nikatoa pini. Nikamwambia Wamarekani ni watu wakubwa, yeye afuate karatasi. Akasema haya, nikairudisha pini mdomoni na kuendelea na wateja wangu.

Siku ya ukaguzi tulikutana kwenye darasa letu. Tulifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha tukatundika magauni, kila mahali na kamba yake. Ya mjini na ya Takaungu yalikaa vizuri, labda yamepwaya kidogo, jambo ambalo sisi hatulioni kuwa kosa. Ya Junju yalikuwa makubwa. Ya Mambrui makubwa zaidi. Ya Magarini, wanangu, angeingia bibi harusi pamoja na somo wake anayemfunda na wangebaki na nafasi ya kupepeana. Tuliangalia la kwanza na la mwisho. Ya katikati hakuna aliyeyajali.

Watu wakacheka. Bakari akaingia ndani ya gauni moja akiwa na kanzu yake na kofia yake, akazunguka. Mimi pia nilicheka, sitawaficha. Kisha kicheko kikaisha na uchungu ukaingia, kwa sababu kila mtu alikumbuka kwamba meli inasubiri na jina la chama limeandikwa kwenye kila kola. Bakari akavua lile gauni akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio mbaya:

"Hawa tuliwachukua kwa huruma. Sasa huruma imetosha."

Wengi wakaitikia. Wakataka Magarini waondolewe chamani siku ileile, na mimi niandike barua. Siku hiyo nilikuwa nimesahau kopo la vifungo.

Kadzo alisimama karibu na mlango pamoja na wenzake watano. Hakulia. Alisema maneno machache tu: "Mwenyekiti, sisi tulikata karatasi tuliyopewa."

Akaniangalia. Nikajua anachosubiri. Alisubiri niseme kwamba alinipigia simu. Angeweza kulisema mwenyewe mbele ya watu wote, lakini alinistahi. Hakutaka kumtaja mzee wake kwa ubaya mbele ya mkutano. Na mimi, mwenyekiti, nilisafisha koo, nikasema jambo hili linahitaji utulivu, tukutane Jumamosi. Nikaagiza kila mtu aniletee karatasi yake. Niliwaona wale akina mama wakiyakunja magauni yao moja moja, kwa uangalifu, kama ni nguo nzuri. Niliona haya hata kuwaaga.

Karatasi zilinifikia Alhamisi. Asubuhi, baada ya chai, nikalifungua kabati kutoa ile ya Bi Linda. Nilitaka kuona Magarini wamekosea kiasi gani. Nikailaza kwanza nakala yangu mwenyewe, kisha juu yake ile ya Bi Linda, kwa sababu zilikuwa karibu mkononi.

Nakala yangu ilichungulia pande zote. Niliweka vidole vyangu pale ilipozidi, cha shahada na cha kati. Vilikaa barabara.

Ya Takaungu, niliyoikata mimi pia, ililingana na yangu. Nikaileta ya Junju, kazi ya mkono wa Bakari: vidole viwili zaidi ya yangu. Ya Mambrui: viwili zaidi ya hiyo. Ya Magarini: viwili tena. Mwisho nikalitandaza gauni la Kadzo juu ya karatasi aliyopewa. Lililingana nayo mshono kwa mshono. Katika chama kizima mtu mmoja tu hakuongeza kitu, naye ndiye tuliyekuwa tunamfukuza.

Wanangu, nataka kuwaambia ukweli. Nakala yangu na ile niliyomkatia Bakari zilikuwa mikononi mwangu, na jiko la mkaa lilikuwa uani, bado lina moto wa chai. Ningezitia pale, ningekata nyingine zilizo sawa, na hakuna ambaye angejua. Lawama ingeishia kwa Bakari, na kusema kweli wazo la Bakari kulaumiwa halikunichukiza. Nilikaa na karatasi zile magotini muda mrefu. Mke wangu Mwanaidi, ambaye alinipimia wateja nyuma ya pazia miaka yote ile, aliingia akaona meza, akaelewa bila kuelezwa.

"Vidole ni vyako," alisema. "Nenda navyo mbele ya watu."

Akalizima jiko kwa maji, kitu ambacho hafanyi kamwe kwa sababu ya bei ya mkaa.

Jumamosi nilisogeza madawati ukutani, nikazilaza karatasi sakafuni, ndogo juu ya kubwa, kuanzia ya Bi Linda juu hadi ya Magarini chini. Sikuleta vifungo. Nilitaka mikono yao iwe mitupu.

"Wa kwanza kuongeza ni mimi," nikasema. "Niliambiwa nisiongeze, nikaongeza. Na Kadzo alinipigia simu kuniuliza, nikamwambia Wamarekani ni watu wakubwa. Wiki iliyopita nilikuwa nalijua hilo, nikanyamaza. Yeye ndiye pekee aliyekata alichopewa. Mkitaka kumtoa mtu, mlango uko pale, nitatoka mimi."

Nilisikia watoto wakicheza kiwanjani. Kisha Bakari akapiga magoti, taratibu, maana magoti yake ni mabovu, akaweka vidole vyake viwili kati ya karatasi yangu na ile aliyowakatia Junju. Akavitazama. Fundi wa Junju akaja, akaweka vyake. Wa Mambrui akafuata. Wakabaki pale sakafuni wanaume watatu wazima, vidole chini, kama watoto wanaocheza kete.

"Mzee Aboud," alisema Bakari, "kumbe hata Marekani alitaka kufika."

Hapo tukacheka tena, na safari hii Kadzo naye alicheka. Lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya leso, na nilijua wiki ile ilikuwa imempitaje. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akasema yamekwisha, Fundi, tushone.

Kumpigia simu Bi Linda kulinielemea kuliko mkutano. Nilimweleza yote, na vidole, na pilau. Akasema katika miaka yake yote ya kuongoza, jambo likiharibika, chama hutafuta kwanza mtu aliyekaa karibu na mlango, na yeye mwenyewe aliwahi kumtoa mtu hivyo, akaujua ukweli akiwa amechelewa. Hakutaja jina la mtu huyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye bado linamuuma.

Tulipunguza magauni kwa wiki tatu. Na hapa ndipo mtaona hekima ya Mzee Aboud, maana yote yalipunguzika. Yangekuwa yamepungua tungeyafanya vitambaa vya meza. Kadzo ndiye aliyetuonyesha njia. Alikata kibao chembamba, ukingo wake ukifuata mstari wa karatasi ya Bi Linda, akatupa kila mmoja chake, tukapitisha chaki kwa kibao badala ya mkono. Hata hivyo hatukumaliza yote kwa wakati. Maduka mengine yalikata tamaa yakaagiza kwingine, na mzigo uliokwenda ulikuwa pungufu. Nawaambia ili msidhani ungamo hurekebisha kila kitu.

Yale ya Magarini ambayo hatukuwahi kuyagusa tuliyatundika sokoni Malindi jinsi yalivyo, kwa ukubwa wake wote. Yaliisha kwa siku mbili. Wanawake walisema hatimaye mafundi wamepata akili, wameshona gauni ambalo mtu anaweza kupumua ndani yake. Mpaka leo wapo wanaoniuliza yatakuja lini mengine.

Nilikaa kwenye kiti miaka michache baada ya hapo, kisha macho yakaniambia basi. Nilimpendekeza Kadzo. Bakari ndiye aliyeunga mkono, kwa maelezo marefu yaliyoonyesha kwamba wazo lilikuwa lake. Siku ya kukabidhiana nilimpa ufunguo wa kabati. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitoa ile karatasi ya Bi Linda na kuibandika ukutani kwenye darasa letu, kila mtu aione na kila nakala itoke kwayo. Cha pili, akanigeukia na kunipa kazi: kuanzia siku hiyo nakala zote za chama nizikate mimi.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia kuna vijana wenye mikono imara, na mimi ndiye niliyekosa.

"Ndiyo sababu," alisema. "Wao bado hawajui mikono yao hukosea wapi. Wewe wako unaujua."

Basi mkija darasani siku ya Jumanne mtanikuta mezani, mlango wazi, kibao cha Kadzo mkononi. Mtaniona nimevifunga vidole viwili kwa uzi mwekundu, na najua mnacheka nyuma yangu. Chekeni tu. Tangu siku hiyo sijaanza karatasi hata moja bila kuvifunga, na kila Jumanne, nikifika kwenye kwapa, nasikia vinavuta.